Kiti cha Angani na Geti la Kiwanda cha Korosho

Kwa watu wa Mtwara na Lindi, neno ubinafsishaji lina sura yake: ukuta mrefu, bati zilizopauka, geti lenye kufuli, na ndani magunia mahali palipokuwa na mashine. Viwanda vya kubangua korosho vilijengwa kwa mikopo miaka ya 1970 na 1980, vikafungwa mitambo ya Kijapani na ya Kiitaliano, kisha vikauzwa, na vingi vikaishia kuwa maghala. Korosho ghafi bado zinapita mbele ya mageti hayo zikielekea bandarini. Kwa hiyo mtu akisema kijiweni pale Chikongola kwamba Marekani imekabidhi kwa kampuni binafsi kazi ya kupeleka watu angani, jibu huwa limeshaiva: "Nao wameuza."

Hawakuuza. Ukitaka kujua walifanya nini, anza na ile mara ya kwanza walipojaribu, kwa sababu walianza kwa kukosea.

Vyombo vya Space Shuttle, vya serikali ya Marekani vya kubeba watu angani, viliruka mara 135 kati ya Aprili 1981 na Julai 2011. Katikati ya miaka ya 1990 bajeti ilikuwa inabanwa, na mwaka 1995 kamati iliyoongozwa na Christopher Kraft, mkongwe wa NASA (shirika la anga la Marekani), ikashauri kazi za uendeshaji zikusanywe chini ya mkandarasi mmoja. Hoja ilikuwa kwamba Shuttle imeshakomaa, haina mageni tena, na serikali haina sababu ya kuweka jicho kwenye kila boliti. Mwaka 1996 kazi ikaenda kwa United Space Alliance, kampuni ya ubia ya Rockwell na Lockheed Martin, kwa mkataba wa takriban dola bilioni 7 kwa miaka sita.

Tazama kilichohama na kilichobaki. Vyombo vilibaki mali ya serikali, na pedi za kurushia pia. Saini ya mwisho ya kuruhusu chombo kiruke ilibaki serikalini. Kilichohama ni mikono: mafundi, wapangaji wa safari, watunza vipuri. Ni kama kumpa mtu basi lako kuukuu alitembeze kati ya Masasi na Newala. Hana ruhusa ya kubadili injini wala sababu ya kubuni basi jipya, na wewe kwa kuwa umempa, unapunguza mafundi wako. Miaka michache baadaye bado unasaini karatasi za ukaguzi, ila aliyekuwa akizielewa ameshastaafu.

Februari 1, 2003, Columbia, mojawapo ya Shuttle hizo, ilivunjika ikirudi duniani na watu saba wakafa. Kipande cha povu la kuhami tangi kilikuwa kimepiga ukingo wa bawa la kushoto sekunde 82 hivi baada ya kuruka. Bodi ya uchunguzi ilisema wazi kwamba utamaduni wa taasisi ulichangia ajali hiyo sawa na povu lenyewe, na ilikataa hoja kwamba Shuttle ilikuwa chombo kilichokomaa. Simlaumu mkandarasi. Kosa lilikuwa kudhani mikono inaweza kuhama huku macho yakibaki makali. Fundi anajua mtambo kwa kuushika, na asiyeushika hubaki kusoma ripoti.

Malipo ya msingi, lenta na kupaua

Njia ya pili ilianza mwaka 2006, na ilianza na mizigo, watu wakasubiri. NASA ilitenga kama dola milioni 500 na kuuliza ni nani anaweza kufikisha shehena kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa chombo chake mwenyewe. Walichaguliwa SpaceX na Rocketplane Kistler. Malipo yalipangwa kwa hatua, na yeyote aliyewahi kujenga nyumba Mikindani anaujua mpango huo: fundi analipwa msingi ukiisha, analipwa akifunga lenta, analipwa akipaua. Hakuna anayelipwa kwa kusema "tunaendelea vizuri."

Moja ya hatua hizo haikuwa ya chuma hata kidogo. Kampuni ilitakiwa kuonyesha kwamba imepata fedha zake yenyewe sokoni, kwa kuwa serikali isingebeba gharama yote. Rocketplane Kistler ilishindwa hapo, na mwaka 2007 ikaondolewa ikiwa imelipwa zaidi kidogo ya dola milioni 30. Orbital Sciences ikachukua nafasi mwaka 2008. Jambo hili husimuliwa kama aibu. Kwangu ni sehemu bora ya mpango mzima, kwa kuwa mradi ulioshindikana ulikatwa mapema na kwa hasara ndogo, bila tume na bila vuta nikuvute ya miaka kumi. Mei 2012, Dragon ya mizigo, chombo cha SpaceX, ilifika kituoni.

Kwa vyombo vya watu walipanda ngazi kwa ngazi. Mwaka 2010 kampuni tano ziligawana dola milioni 50, fedha ndogo ya kujaribu vitu vya pembeni. Mwaka 2011 zilibaki nne na takriban dola milioni 270. Mwaka 2012 tatu zilipewa jumla ya dola bilioni 1.1. Septemba 16, 2014 zikabaki mbili kwa mkataba wa kweli wa kujenga, kuthibitisha na kurusha: Boeing dola bilioni 4.2 na SpaceX dola bilioni 2.6, kwa kazi ileile. Tofauti hiyo haikutokana na upendeleo. Kila kampuni ilitaja bei yake, na bei ikafungwa.

Bei kufungwa maana yake nini? Miradi mingi ya anga ya zamani ililipwa kwa mtindo wa kurudishiwa gharama: mkandarasi anatumia, analeta hesabu, analipwa na faida juu. Chombo cha Orion, kilichoanza mwaka 2006 kwa mtindo huo, kiliuzunguka mwezi bila watu Novemba 2022, miaka 16 baadaye. Chini ya bei iliyofungwa, mkandarasi akivunja kitu anakilipia yeye. Boeing iliporudia safari yake ya majaribio ilitenga dola milioni 410 mfukoni mwake, na hadi leo hasara yake katika mradi huo imepita dola bilioni 2. Mlipakodi hakutozwa hasara hiyo.

Kabla mtu hajashangilia, kuna sharti. Bei iliyofungwa inafaa kwa kitu kinachojulikana. Kapsuli ya kupeleka watu kwenye mzingo wa karibu na dunia imekuwa ikijengwa tangu miaka ya 1960: umbo linajulikana, joto la kurudi linajulikana, miavuli inajulikana. Ukimfungia mtu bei ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitengeneza, mwenye busara atakataa, na asiye na busara atakubali halafu akwame njiani.

Karatasi ya mahitaji

Kazi ngumu ya mnunuzi ni kuandika anachotaka bila kuandika jinsi ya kukifanya. NASA ilitaka chombo cha wanaanga wanne, kinachoweza kukaa kimefungwa kituoni siku 210 kama mashua ya dharura, kinachoweza kuwatoa watu salama tangu wakiwa pedini hadi kufika mzingoni, na chenye uwezekano wa kupoteza watu usiozidi 1 kati ya 270 kwa safari nzima. Shuttle ilipoteza vyombo viwili katika safari 135. Na kinachoivuruga hesabu hiyo ya 270 zaidi ya injini ni vijiwe vya angani na mabaki ya satelaiti yanayoweza kukigonga chombo kikiwa kimetulia kituoni kwa miezi saba.

Jinsi ya kufika huko ilikuwa juu ya kampuni. Boeing ilichagua kutua nchi kavu juu ya mifuko ya hewa, SpaceX ikaishia kutua baharini. Nasema ikaishia kwa sababu awali Dragon ilikusudiwa kutua kwa injini zake, ikisimama kwa miguu. Haikukatazwa. Ilibidi tu ithibitishe kwamba ni salama, na gharama ya kuthibitisha ikawa kubwa kuliko faida, hivyo mwaka 2017 wazo likaachwa. Mnunuzi hakuchora chochote. Alidai ushahidi, na ushahidi ukachora.

Mabishano makali zaidi yalikuwa juu ya kujaza mafuta. SpaceX hutumia oksijeni iliyopozwa kupita kawaida ili iingie nyingi zaidi tangini, na kwa kuwa inapata joto haraka, lazima ijazwe dakika za mwisho. Hiyo ina maana wanaanga wakae juu ya roketi inayojazwa, kinyume na desturi ya miaka hamsini. Septemba 1, 2016 roketi ya Falcon 9 ililipuka pedini wakati wa kujazwa kwa jaribio, na satelaiti juu yake ikaungua. Chanzo kilikuwa chupa za heliamu zilizo ndani ya tangi la oksijeni. Zina ganda la alumini lililozungushiwa nyuzi za kaboni, na oksijeni ilinaswa kati ya ganda na nyuzi kisha ikawaka. Chupa zikabuniwa upya, zikajaribiwa mbele ya wahandisi wa NASA, na mwaka 2018 utaratibu ukakubaliwa: watu wanapanda kwanza, mfumo wa kuwatoa unawashwa, ndipo mafuta yanajazwa. Kuamua hivyo kulihitaji serikali iwe na watu wanaojua chupa, nyuzi na baridi. Wangekuwa wameshapunguzwa kama mwaka 1996, jibu lingekuwa "hapana" ya woga au "ndiyo" ya kipofu.

Pini, saa na kutu

Sasa yaliyoharibika. Hapa ndipo mtu anaona tofauti ya mkaguzi anayeangalia na anayesaini.

Aprili 20, 2019, Dragon iliyokuwa imetoka angani wiki sita hivi kabla ililipuka juu ya stendi ya majaribio. Kiasi kidogo cha naitrojeni tetroksaidi, kimiminika kinachosaidia mafuta kuwaka, kilikuwa kimevuja na kuingia kwenye paipu za heliamu. Mgandamizo ulipofunguliwa ghafla, kimiminika hicho kilisukumwa kama risasi hadi kwenye valvu ya titaniamu, na titaniamu ikashika moto. Valvu hizo zikabadilishwa kwa visahani vinavyobaki vimeziba kabisa hadi mgandamizo uvipasue. Mei 30, 2020, wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley wakaruka kwa Dragon.

Kwa Boeing mambo yalikuja kwa mafungu. Novemba 2019, katika jaribio la kujitoa pedini, mwavuli mmoja kati ya mitatu haukufunguka. Pini inayounganisha mwavuli mdogo na mkubwa haikuwa imepita mahali pake, na ilikuwa imefunikwa kiasi kwamba jicho haliioni. Desemba 20, 2019, Starliner, chombo cha Boeing, bila watu iliachana na roketi ikiwa imesoma muda kutoka kwa roketi hiyo mapema mno. Saa yake ilikosea kwa saa 11, ikadhani iko sehemu nyingine ya safari, ikachoma mafuta ya injini ndogo za kujiweka sawa, na kituoni haikufika. Wakati ingali juu, wahandisi wakapekua programu na kukuta kosa la pili ambalo lingeweza kuifanya sehemu ya nyuma iirudie na kuigonga kapsuli baada ya kuachana. Programu ilikuwa imejaribiwa vipande vipande. Safari nzima, kuanzia kuruka hadi kufika kituoni, haikuwahi kuendeshwa mfululizo maabara. Timu ya uchunguzi ilitoa mapendekezo 80.

NASA yenyewe ilikiri baadaye kwamba iliikazia macho zaidi SpaceX, kwa kuwa njia zake zilikuwa ngeni, kuliko Boeing iliyokuwa mwenzi wa miongo mingi. Hili linafahamika hata kwenye ujenzi wa madarasa: mkandarasi mgeni anapimiwa nondo moja moja, aliyezoeleka anaulizwa habari za watoto.

Agosti 2021 ikaja kutu. Valvu 13 kati ya 24 za kimiminika kilekile ziligoma kufunguka saa chache kabla ya kuruka. Naitrojeni tetroksaidi hupenya taratibu kwenye sili za Teflon. Ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka asidi ya naitriki, asidi inakula alumini, na unga unaotokana na kutu unabana valvu. Pwani ya Florida ina hewa ya bahari yenye unyevu, na mkazi wa Shangani anayebadilisha bawaba za dirisha kila mara hahitaji maelezo zaidi. Tiba ilikuwa kuziba njia za unyevu, kupitisha naitrojeni kavu, kujaza karibu na siku ya kuruka, na kuzifungua na kuzifunga valvu kila baada ya siku chache ili zisigande. Safari ilifanikiwa Mei 2022.

Juni 5, 2024, wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams waliruka kwa Starliner kwa ziara iliyopangwa kuwa ya siku nane hivi. Uvujaji mmoja wa heliamu ulijulikana kabla ya kuruka na ukahesabiwa kuwa unavumilika. Angani ukaongezeka. Wakikaribia kituo, injini ndogo 5 kati ya 28 zilizima, na nne zikarudi baadaye. Injini kama hizo zikachomwa jangwani White Sands kuiga safari ile, na ikaonekana sili ya Teflon ndani ya valvu inavimba kwa joto na kubana njia ya kimiminika. Injini zimewekwa ndani ya vibanda vilivyofunikwa, na joto halipati pa kutokea.

Boeing iliamini chombo kingeweza kuwarudisha. NASA haikuridhika kwamba inaweza kutabiri injini zitafanyaje njiani, na Agosti 24 ikaamua chombo kirudi kitupu. Kilitua salama Septemba 7, na wapo wanaosema hilo linathibitisha Boeing ilikuwa sahihi. Halithibitishi. Anayevuka mto Ruvuma kwa mtumbwi unaovuja na kufika ng'ambo hajathibitisha kwamba mtumbwi ni mzima. Wanaanga hao wawili walirudi kwa Dragon Machi 18, 2025, baada ya siku 286.

Linganisha na Columbia. Mwaka 2003 mhandisi mwenye wasiwasi alitakiwa kuthibitisha kwamba kuna hatari. Mwaka 2024 chombo hakikuwa cha serikali, wala fundi aliyekitengeneza hakuwa wake, lakini neno la mwisho juu ya watu lilikuwa la serikali, na serikali ilikuwa na wahandisi wa kubishana na data mezani. Mkataba uliacha chuma kiende ukashika uamuzi. Viwanda vyetu vya korosho viliuzwa pamoja na chuma, na mnunuzi alipoona ghala linalipa kuliko kubangua, hakukuwa na mtu wa kumdai hata kilo moja ya punje nyeupe. Laiti malipo yangefungwa kwenye punje zilizobanguliwa badala ya majengo, mazungumzo ya leo yangekuwa mengine. Sisemi viwanda vingepona: mitambo ile ilikuwa na shida zake, na vipuri vilitoka mbali.

Kiti cha pili

Kuwa na wauzaji wawili kulilalamikiwa sana bungeni Marekani kama anasa. Bunge lilitoa fedha pungufu ya zilizoombwa miaka ya mwanzo, na tarehe ya kuruka ikasogea hadi 2017, kisha 2020. Katikati hapo wanaanga walinunuliwa viti kwenye Soyuz ya Urusi kwa bei iliyopanda hadi zaidi ya dola milioni 80 kwa kiti. Mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria mwaka 2019 kwamba kiti cha Dragon kingegharimu dola milioni 55 na cha Starliner milioni 90.

Kwenye mizigo, wawili walionekana wengi hadi roketi ya Orbital ilipolipuka Oktoba 2014 na ya SpaceX Juni 2015, miezi minane tu kati yao. Katikati, chombo cha mizigo cha Urusi nacho kilipotea. Kituo kilivuka kwa sababu kulikuwa na njia nyingine, ikiwemo chombo cha Wajapani.

Kwa watu, hivi sasa aliye imara ni mmoja. Juni 5, 2025, wakati wa ugomvi wake na Rais wa Marekani, Elon Musk, mkuu wa SpaceX, aliandika kwamba SpaceX itaanza kuistaafisha Dragon. Alilifuta neno hilo baada ya saa chache. Kwa saa hizo, uwezo wa nchi tajiri kuliko zote kuwafikisha watu wake kituoni bila kumwomba Mrusi ulikuwa umening'inia kwenye hasira ya mtu mmoja. Novemba mwaka huohuo mkataba wa Boeing ulipunguzwa kutoka safari sita hadi nne, ya kwanza ikipangwa iwe ya mizigo tu. Hapo ndipo bei iliyofungwa inapouma upande wa pili: mkandarasi anayepata hasara kila siku hapotezi fedha tu, anapoteza na hamu ya kazi.

Waliotabiri kwamba serikali haitabaki mteja pekee hawakukosea kabisa. Safari za watu binafsi kwa Dragon zimekuwepo tangu 2021. Juni 25, 2025, Dragon iliruka ikiwa na Shubhanshu Shukla wa India, pamoja na wanaanga kutoka Poland na Hungary, kwa kiti kilicholipiwa na India kupitia kampuni ya Axiom. Ni India hiihii inayonunua korosho ghafi za kusini, ikazibangua na kuziuza kwingine. Ilinunua kiti hicho wakati inajenga chombo chake chenyewe, Gaganyaan, na Shukla ni mmoja wa marubani waliochaguliwa kukirusha. Alirudi Julai 15 akiwa na siku 20 angani, 18 kati yake kituoni, na baadaye akarudi kwa wahandisi wa nyumbani kuwaeleza alichokiona.